Nikifika Haizimi

Jumatatu, 2 Februari 2026

Seva ya Butiama imezima tena. Mara mbili asubuhi moja — na sisi tuko kwenye kikao! Bwana Eliud, mkurugenzi wetu, akaweka simu spika ili wote tusikie. Nesi Grace wa Butiama anasema kuna mama amefika na uchungu, kadi kaisahau nyumbani, na kompyuta zote za zahanati zimekufa ghafla. Ikabidi wampime damu upya huku anapiga kelele. Amejifungua salama, asante Mungu.

Zahanati zetu ni tatu: Musoma, Bunda na Butiama. Kila moja ina seva yake, na humo ndani mna habari za kila mama mjamzito — kundi la damu, mimba zilizopita, nani ana presha. Zote tatu nilizichagua mimi. Zimetumika, ndiyo, lakini ni nzima. Mwaka jana wote hazikusumbua. Hii ya Butiama imeanza vituko Januari: inazima kama mtu kachomoa waya, haiachi hata neno.

Eliud akasema mbele ya watu wote: Rhobi, ulituletea mtumba. Wakacheka. Mimi sikucheka.

Nimepewa hadi Ijumaa ya wiki ijayo. Nisipoleta jibu, Butiama wanarudi kwenye makaratasi na mkataba wangu hauongezwi. Sawa. Jibu litapatikana.

Jumanne, 3 Februari

Butiama. Nilipofika Makutano nikampigia Mama Dafroza, kama kawaida: Mama, niko njiani. Yeye ndiye wa mapokezi pale, na seva inakaa nyuma ya meza yake, kwenye stoo yenye dirisha moja. Funguo anazo yeye. Ni mtu mzima, huwezi kumwangukia tu bila taarifa. Nikakuta chai ya maziwa, viazi vitamu, na stoo imedekiwa mpaka naogopa kukanyaga.

Na seva? Inanguruma kwa raha zake. Nimeshinda nayo kutwa nzima. RAM nimeipima — safi. Diski — safi. Pawa saplai nimebadilisha hata hivyo, kwa kuwa nilishaibeba. Haikuzima hata mara moja. Mnafiki mkubwa!

"Ukifika wewe haizimagi," Mama Dafroza ananiambia, anacheka. "Inakuogopa."

Nimeiwekea programu ndogo itakayonitumia joto lake nikiwa Musoma. Tuone sasa atamdanganya nani.

Jumatano, 4 Februari

Joto! Nimemshika!

Jana nikiwa pale ilikuwa hamsini na kitu. Leo asubuhi: sabini. Themanini. Tisini — halafu kimya. Inajizima yenyewe isiungue. Basi ni feni imechoka, au ile krimu ya kupozea prosesa imekauka. Niliruka kwenye kiti ofisini peke yangu, mhasibu akafungua mlango kuangalia kama kuna nyoka.

Nikamweleza Eliud. Jibu lake: mtumba kawaida yake ni kuchemka. Nimekwenda dukani kutafuta feni.

Alhamisi, 5 Februari

Butiama tena. Simu, chai, viazi. Feni mpya, krimu mpya. Nimepima hata joto la stoo yenyewe — la kawaida, dirisha linapitisha upepo vizuri. Seva imetulia kama imemeza dawa. Mama Dafroza ameniombea kwa jina, kaiombea na mashine. Nimerudi Musoma naimba kwenye gari.

Ijumaa, 6 Februari

Imezima.

Nimelia chooni kidogo, nikanawa uso, nikarudi kwenye meza. Hakuna aliyeuliza. Feni ni mpya, naijua, nimeifunga kwa mikono yangu. Sasa nini? Ubao mkuu wenyewe, ule unaoshika vipuri vyote? Kama ni ubao, basi Eliud kasema kweli, ni mtumba, na mimi ndiye niliyeuleta. Sikubali. Sikubali mpaka nione kwa macho.

Jumapili, 8 Februari

Nyumbani, Bweri. Kanisani, halafu usafi. Nimefua vitambaa vya makochi na kile cha runinga, nimevianika. Wadudu wa ziwani walikuja kwa wingi jioni ya jana, wamejaa dirishani, nimefagia beseni zima.

Nikiwa kwenye kamba na vibanio mdomoni ndipo wazo likaja. Naumia kichwa bure na kipuri kimoja kimoja. Nihamishe mashine nzima! Ya Butiama iende Bunda, ya Bunda ije Butiama. Zinafanana, na habari za akina mama nitazinakili ili kila zahanati ibaki na zake. Kama ugonjwa uko ndani ya mashine, utasafiri nayo.

Nimempigia Judith, msimamizi wa Bunda. Kakubali kwa shingo upande. Dada, ukiniulia yangu tutagombana, hivyo ndivyo alivyosema, na simdhanii kutania.

Jumatatu, 9 Februari

Nimehama kutwa kama mtu aliyeachika. Gari la ofisi, Musoma–Bunda–Butiama–Bunda. Seva nimezipakata, godoro dogo chini yake. Judith aliisindikiza ya kwake hadi getini. Mama Dafroza, nilishampigia toka Bunda, akaipokea hiyo ngeni kwa mikono miwili: karibu mwanangu, huku kwetu pazuri.

Nimerudi nyumbani mgongo unauma. Sina hamu ya kula. Kesho.

Jumanne, 10 Februari

Imezima ya Bunda!! Ile nzima, ile isiyo na kosa — kulala tu Butiama, asubuhi joto likapanda, tisini, ikafa! Na ile "mbovu" iko Bunda inafanya kazi, ya baridi kabisa. Judith kanipigia kunitukana, akaishia kucheka.

Si mashine. Nairudia hapa nijifurahishe: si mashine! Sikuleta mtumba mbovu.

Nikampelekea Eliud habari. Hakusema samahani, hiyo haijui. Akauliza: basi Butiama kuna nini? Ijumaa anakuja mwenyewe, nimweleze palepale, mbele ya wafanyakazi.

Kuna nini Butiama? Umeme ni uleule. Chumba ni cha baridi. Nikiwepo, hamsini. Nikiondoka, tisini. Nimetembea kutoka ofisini hadi Mwisenge kwa mguu nikiliwaza hilo tu. Nikifika haizimi. Basi kuna kitu kinabadilika nikifika. Hapana — kabla sijafika! Kila safari nimepiga simu.

Kesho sipigi simu. Mama Dafroza atanisamehe. Ni utovu wa adabu, najua, ila sina njia nyingine.

Jumatano, 11 Februari

Sijui nianzie wapi.

Nimeshuka kwenye basi Kiabakari, nikachukua bodaboda hadi zahanati. Mama Dafroza alikuwa anaandikisha mama mmoja, akaniona, kalamu ikamwanguka.

"Rhobi! Bila simu? Mbona umenikuta sijajiandaa!"

"Shikamoo Mama. Nilikuwa napita."

"Marahaba. Ngoja kwanza, ngoja mwanangu —" na anakimbilia stoo. Anakimbia! Nikamfuata.

Seva ilikuwa imevaa nguo.

Nguo kabisa! Kava la kitenge, limeshonwa kwa kipimo chake, katikati limewekwa sponji, na pembeni lina marinda mpaka sakafuni. Mbele limefunika, nyuma limefunika. Feni inalia humo ndani hadi huruma. Mama Dafroza amelishika pindo, anataka kulivua, aibu imemjaa — si aibu ya kuivalisha, ni aibu kwamba nimelikuta halijavuliwa.

"Mama, hii ni nini?"

"Si nguo yake! Naivalishaga kila siku. Ukisema unakuja naivua, daktari akija si lazima mgonjwa afunuliwe?"

"Toka lini?"

"Nilimalizia kushona Krismasi. Si wewe ulitufundisha kwenye semina, vumbi ndiyo adui mkubwa wa mashine? Na humu ndani, mwanangu, wamo akina mama wote wa huku. Ningewaachaje wazi?"

Nilisema hivyo kwenye semina. Kwa maneno hayohayo. Nikapigiwa makofi.

Hakuna aliyeniambia kwa sababu hakuna aliyeona ajabu. Nesi Grace kila siku anapita hapo. Kila nyumba ninayoijua ina kitambaa juu ya runinga. Mimi mwenyewe juzi nimekifua cha kwangu, nimekianika, nimekirudisha!

Nililivua. Lilikuwa la moto mikononi kama shuka lililotoka kupigwa pasi. Nikafungua mdomo nimwambie. Naye akawa ameshaanza kusema, taratibu, anapapasa rinda. Kitenge ni cha Mbuke, binti yake. Alifia kwenye uzazi, miaka ile ya makaratasi. Kadi ilipotea, hakuna aliyejua kundi lake la damu, mpaka wanalijua kumekucha. Ndiyo maana siku nilipoileta hapa seva ya kwanza alilia, mimi nikadhani ni furaha ya kuona kitu kipya. "Mbuke angekuwa humu," akasema, akaigusa mashine kwa kiganja, "angekuwa hai."

Nimesimama pale na lile kava nimelikumbatia. Sikuweza. Akaniangalia, uso ukamchangamka.

"Umelipenda eeh? Chukua. Nakupa kwa moyo mmoja. Kipande kingine kipo, nitaishonea lingine."

Nikasema — nilisema, "Asante, Mama." Mjinga mimi!

Alhamisi, 12 Februari

Tangu jana nilipoondoka na kava, seva haijapita hamsini na tano. Hata mara moja. Jibu ninalo. Ushahidi ninao, uko kwenye mkoba wangu, una marinda.

Nimefikiria kumwandikia Eliud: hitilafu imerekebishwa. Basi. Nifunike mambo, mkataba wangu usalimike, Mama asiguswe. Lakini Eliud atauliza hitilafu gani, namjua. Na nikisema mbele ya watu, watacheka. Nakijua kicheko chao. Mimi niliitwa mleta mtumba nikaenda kulia chooni. Yeye ataitwa nani? Aliyewavika akina mama nguo ya marehemu mwanawe?

Mchana Mama Dafroza kaleta ujumbe: "Mwanangu lingine nalimalizia leo. Hili nimetia na bitana, hata unyevu hautapenya. Nataka bosi akija akute imependeza." Halafu mikono miwili ya kuomba.

Nimepiga simu. Akapokea akiwa kwenye cherehani, nasikia inavyokimbia. Akauliza kama nimekula. Nikasema nimekula. Nikakata. Nina hasira na mimi mwenyewe. Maneno haya hayasemwi kwenye simu, yanasemwa kwa macho, nimemshika mkono. Kesho nawahi kabla ya wote. Namwambia yeye kwanza. Liwalo na liwe.

Ijumaa, 13 Februari

Butiama, kwenye benchi la nje. Nimewahi — ila Eliud amewahi zaidi! Gari lake lilikuwa hapa nilipofika. Mama Dafroza hayupo mezani, nesi Grace anasema alirudi nyumbani mara moja kuchukua kitu. Najua kitu gani.

Eliud yuko ndani na wafanyakazi wote. Nimemwomba nafasi kidogo, nimemwambia namsubiri mtu. Akauliza, jibu unalo au huna? Ninalo, bosi. Akatazama saa.

Nimeshapanga maneno. Mama, mashine inapumua. Ile nguo inaibana pumzi. Kosa ni langu, nilisema vumbi sikusema hewa. Kitenge cha Mbuke tukitandike juu ya meza, pale pale karibu yake, kila mama anayekuja akione. Hayo tu. Mafupi. Nimeyarudia mpaka yananitoka yenyewe. Na Eliud nitamwambia somo langu la semina lilikuwa na kasoro, nimelirekebisha, na atakayecheka aanze na mimi.

Ananiita dirishani. Rhobi, watu wanasubiri!

Huyo anakuja, anavuka barabara. Gauni la Jumapili, kiremba kipya. Kifurushi amekibeba kifuani kwa mikono miwili. Ameniona — anacheka — amesimama palepale kando ya barabara, hawezi kungoja, anakifungua anionyeshe.

Mungu wangu. Hili kaliwekea na vifungo.