Asante kwa Kaseti, na Habari za Mgeni Rasmi

Buzuruga,
Mwanza.
Tarehe 23 Agosti, 1998

Mpendwa shemeji Otuoma,

Pokea salamu zetu sote wa nyumba hii, wakubwa kwa wadogo. Hujambo huko Uswidi? Masomo yanakwendaje? Kaka yako Odera ananiambia kwamba huko kwenu majira haya jua linachelewa kuzama, nami nikamwuliza sasa watu wanalala saa ngapi. Wewe unalala lakini? Picha uliyotuma tumeiona, koti ni zuri, ila shingo imekuwa nyembamba. Kama umekonda kwa sababu ya vitabu tunakusamehe. Kama ni kwa sababu ya kujipikia mwenyewe, basi shemeji, oa.

Sisi hatujambo, tunamshukuru Mungu. Mama kule Rorya mguu umepungua kuuma na amesharudi shambani, ingawa tulimkataza. Princess ameanza darasa la kwanza. Zile soksi ulizomtumia hataki mtu mwingine azifue, anasema wewe ni baba mdogo wake peke yake.

Sasa kaa chini, maana barua hii ni ya kushukuru na nina mengi.

Kwanza, asante kwa ile kaseti. Yule dada uliyempa aituletee aliifikisha salama, imefungwa ndani ya fulana yako ya zamani, na fulana pia tumeipokea. Uliandika kwamba ni filamu ya waandishi wa habari, kaka yako aitazame apate moyo. Sijui nani alikwambia. Moyo ndio hasa kitu alichokuwa amepungukiwa.

Unaukumbuka mwalo wa Nyangobo, pale ufukweni mitumbwi inapofikia, ninapoanika dagaa na akina mama wenzangu, pale ulipoteleza kwenye jiwe ukatumbukia majini na suruali ya harusi. Mwezi wa tatu tulifika asubuhi na mabeseni yetu kichwani tukakuta seng'enge imezungushwa na mlinzi amekaa getini. Tunauliza kuna nini, tunaambiwa mwalo una mwekezaji, anajenga kiwanda cha minofu ya sangara. Nani kamwuzia? Hakuna anayejua. Ila wiki iliyotangulia watu walimwona diwani wetu, Mheshimiwa Mhoja, akimtembeza mgeni pale kwenye mawe, akimwonyesha kwa mkono mpaka wapi.

Basi tukawa tunaanika dagaa uani, juu ya mabati, hata kando ya barabara ya stendi, na kuku wa watu wote wa Buzuruga walinenepa kwa jasho letu. Shemeji, mimi bila mwalo sina kazi. Na bila kazi yangu nyumba hii inabaki kula kalamu ya kaka yako, na wewe unajua kalamu haina mboga.

Odera aliandika habari yote, tena vizuri. Mhariri wake Dar akamjibu kwamba haichapi mpaka kuwe na kauli ya diwani mwenyewe, maana gazeti likishitakiwa litafungwa. Akaanza kuifuata hiyo kauli. Alikwenda ofisini kwa Mheshimiwa mpaka karani akawa anamtambua kwa viatu. Kila siku jibu ni moja, Mheshimiwa yuko kikaoni. Ikafika mahali akirudi nyumbani simwulizi, namwekea tu maji ya kuoga. Mwanaume mwongeaji kama yule, akawa anakula kimya. Niliogopa.

Ndipo kaseti ikaja. Tuliitazama kwa Luhaga, yule mwenye duka la vipuri, maana ndiye mwenye deki ya video. Sebule ilijaa, wengine walisimama dirishani. Odera alikuwa akitafsiri Kiingereza, na walipoongea harakaharaka nilijua anatunga. Lakini tulielewa. Kwamba huyu ni mwandishi wa gazeti dogo, yule ni waziri aliyekula mali ya wananchi, na kila mlango anaogonga mwandishi unafungwa. Alipoambiwa na karani kwamba waziri yuko kwenye mkutano, sebule nzima iligeuka ikamtazama Odera, na yeye akacheka. Miezi mitatu nilikuwa sijasikia kicheko chake. Kwa hicho tu, shemeji, ningekushukuru.

Naomba radhi kwa jambo moja. Tulipofika pale mwandishi anasimama mbele ya umati na kumwuliza waziri swali lake, deki ikala kaseti. Luhaga alifungua akatoa utepe umejikunja kama tambi. Mwisho hatukuuona.

Mwalimu Maige alikuwepo. Ni yule anayefundisha kikundi cha maigizo cha parokia, mrefu, anayepiga chafya kama bunduki. Akasema pale pale kwamba hii tunaweza kuicheza sisi, na tutaishia hapo ilipoishia kaseti. Nilidhani anatania. Kesho yake akaanza kugawa nafasi.

Ningependa ungeona walivyoigeuza. Theluji yote waliifanya vumbi la kiangazi. Mtambo wa kuchapa magazeti waliufanya kwa akina mama kumi hivi na masinia, wanapokezana kuyapiga mpaka unahisi karatasi zinatoka. Simu ilikuwa ya mti. Mwandishi kwenye filamu ni mwanaume mvuta sigara, huku akawa Dorcas, yule fundi cherehani wa Kiseke, na badala ya sigara akawa anatafuna karanga kila akikasirika. Karani wa waziri walimpa sentensi moja tu katika mchezo mzima, "Mheshimiwa yuko kikaoni." Nchi yenyewe hatukuitaja, tulisema tu ni nchi ya mbali.

Sasa sikiliza kituko. Unajua kwetu shughuli haiwi shughuli bila mgeni rasmi. Mama Wilhelmina, katibu wa kamati ya parokia, hakuwa amekuja kwenye mazoezi hata mara moja. Alidhani ni mchezo wa UKIMWI kama ile mingine yote. Basi akakaa, akapiga barua kwa taipu, akaigonga muhuri, akaipeleka. Siku chache kabla ya onyesho anatutangazia kwa furaha kwamba mgeni rasmi amepatikana na amekubali, Mheshimiwa Diwani Mhoja.

Mwalimu Maige alikaa kwenye benchi kama mtu aliyefiwa. Kumfuta mgeni rasmi haiwezekani, hayo unayajua, ni kutangaza vita. Wengine wakasema tubadilishe, waziri awe mwema mwishoni, amkumbatie mwandishi. Dorcas akasema, "Mimi nimekariri nilivyokariri. Mkibadilisha, tafuteni mwandishi mwingine." Mama Wilhelmina alilia, maskini, na mimi nilimtolea maneno ambayo baadaye nilikwenda kumwomba msamaha.

Mwishowe Mwalimu akasema tucheze kama tulivyojifunza. Na kwa kuwa mgeni rasmi lazima asomewe risala, akasema risala isomwe na sisi akina mama wa dagaa. Wote wakanitazama mimi. Shemeji, mimi ambaye hata nikipangiwa somo kanisani humwomba mwenzangu asome.

Jumapili baada ya misa uwanja wa parokia ulijaa. Mheshimiwa alifika na karani wake, akaketishwa meza kuu, akapewa soda na kitambaa. Nikawa namwangalia yeye badala ya kuangalia mchezo. Karani wa jukwaani aliposema kwa mara ya kwanza "Mheshimiwa yuko kikaoni," uwanja mzima uliangua kicheko. Karani wake halisi aliinamisha kichwa akaanza kuchunguza soda yake. Mheshimiwa mwenyewe alicheka kuliko wote, akipiga meza. Mpaka leo sijui kama alijitambua akajikaza, au aliamini kweli ni nchi ya mbali.

Mwishoni Dorcas alisimama katikati ya jukwaa, masinia yakanyamaza, akamwuliza waziri, "Hivi ulivyovigawa vilikuwa vya nani?" Waziri akafungua mdomo, na mchezo ukaisha hapo. Watu walipiga makofi mpaka vumbi likapanda. Wakaanza kwenda kumtuza Dorcas, mmoja mmoja, kama kawaida. Na mgeni rasmi hawezi kukaa watu wakituza. Akainuka, akapanda jukwaani kwa maringo, akamtuza mwandishi kwa swali lake, mbele ya watu wote, na Odera akampiga picha.

Kisha nikaitwa. Nikaikunjua karatasi. Nilipaswa kuanza na shukrani za kuja kwake na maendeleo ya kata, lakini mdomo ulisema kitu kisichokuwa kwenye karatasi. Nilisema, "Mheshimiwa mgeni rasmi, umemtuza huyu binti kwa kuuliza. Nasi akina mama wa Nyangobo tunauliza. Mwalo wetu umeuzwa?" Nikakaa. Risala yenyewe sikuimaliza, na hakuna aliyeidai.

Akashika kipaza sauti. Akakohoa. Akamtazama Padre, akatazama umati, akamwona Odera amepiga goti pale mbele na kalamu yake. Hapo hapakuwa na kikao cha kukimbilia. Akasema kwa sauti kubwa, kama aliyeudhika kwa niaba yetu, "Nani amewadanganya? Mwalo haujauzwa. Mwalo wa Nyangobo ni mali ya wananchi, na kuanzia kesho nendeni mkaanike dagaa wenu."

Shemeji, huo ulikuwa uongo mtupu. Seng'enge ilikuwepo, mlinzi alikuwepo, na jiwe la msingi lilikuwa limeshachongwa. Lakini niliupokea kwa vigelegele, na akina mama wote wakaitikia, na nikamwona Odera anaandika huku machozi yanamtoka bila kuyafuta. Kauli aliyoitafuta miezi yote hiyo alipewa hadharani, kwa kipaza sauti, na parokia nzima ni shahidi.

Kesho yake tulikwenda alfajiri kama jeshi, mabeseni kichwani. Nilikuwa nimejiandaa kupigana na mlinzi. Akasema, "Mama, mimi jana nilikuwepo uwanjani," akafungua geti, na baadaye akatusaidia kukunja seng'enge. Wiki hiyo gazeti lilitoka na habari ya Odera, jina lake juu, na picha ya Mheshimiwa akimtuza Dorcas. Nimekuwekea nakala humu, usiipoteze. Mama Wilhelmina siku hizi anasema alimwalika kwa kuongozwa na Roho. Hatubishani naye, tumempelekea ndoo ya dagaa.

Nisikufiche, si yote yaliyonyooka. Yule mwekezaji anasemekana sasa anazungumza na watu wa mwalo mwingine, ng'ambo ya Busisi, nao hawajui lolote. Wiki iliyopita kaka yako alipanda kivuko akaenda kuuliza. Amerudi anaongea mpaka usiku nikamwomba anyamaze nilale. Nimeolewa upya, shemeji, na mwanaume yule yule.

Basi nakushukuru. Nakushukuru kwa kumkumbuka kaka yako ukiwa mbali, na kwa gharama ya posta uliyoiokoa, na kwa filamu ambayo hatukuimaliza. Namshukuru Mungu aliyeviunganisha vyote hivyo, pamoja na taipu ya Mama Wilhelmina.

Mama anakusalimu, anasema usisahau kusali. Kaka yako ataandika mwenyewe akipata nafasi. Mwalimu Maige, Luhaga na Dorcas wanakusalimu sana, Dorcas hasa, na mimi sijasema kitu. Princess anakubusu. Tusalimie yule dada aliyeleta kaseti.

Barua hii ninaimalizia hapa mwaloni, nimekaa kwenye jiwe, nafukuza kunguru kwa mkono wa kushoto. Sasa hivi tu Mheshimiwa Mhoja amepita na wageni wake kutoka mkoani. Amesimama mbele ya dagaa wangu, amenyoosha mkono, amewaambia kwamba mwalo huu ni yeye aliyeupigania wananchi wasinyang'anywe. Akina mama wamenitazama. Nimeweka kalamu chini nikampigia vigelegele, nao wakapiga, tena kwa nguvu. Aseme kila siku, shemeji. Aseme mpaka kwa wajukuu zake. Kila akisema, tunaanika.

Mungu akufunike huko kwenye baridi, akurudishe kwetu mzima na mwenye shingo nene.

Ni mimi shemeji yako, nikupendaye na nikuombeaye,

Selestina Odera