Mwandiko Ulio Kwenye Fomu Yako

Kijiji cha Ngorongo,
S.L.P. 17,
Utete, Rufiji.
14 Mei 1996.

Mpendwa mdogo wangu Saadi,

Assalaam alaykum. Hujambo huko Mwanza? Kifua kimepona, au baridi ya ziwa bado inakukohoza? Sisi huku hatujambo. Mama anasumbuliwa na magoti tu. Baba mzima, na sauti yake unaijua. Bibi Mwanaharusi anakula, analala, anakuulizia.

Nakuandikia nikiwa dunguni. Mpunga umezaa vizuri mwaka huu na mlinzi ni mimi. Tangu alfajiri napiga debe na kutupa mabonge ya udongo ndege wasiumalize. Ngazi ya dungu ina vidato tisa, na huko ndiko juu kwangu mimi.

Barua yako Huseni dereva alinipa mkononi kama ulivyotaka, na sijamsomea mtu. Umeniandikia kwamba ndege ya chuo chenu cha urubani ni moja, injini yake imepelekwa kutengenezwa tangu Oktoba haijarudi, mwalimu ameacha kazi, na ninyi wanafunzi kumi na mmoja mmekaa tu bwenini. Miezi kumi na minne, umeruka saa sita! Pole, mdogo wangu.

Hiyo pole nimeiandika kwa adabu. Nilipofika hapo penye saa sita, Saadi, nilicheka. Nilicheka peke yangu huku juu mpaka ndege wakaukimbia mpunga wenyewe. Mungu anisamehe, kijicho kimenila siku nyingi.

Unajua Mama anaitwaje siku hizi? Mama Rubani! Kisimani, sokoni, hata msibani. Mimi ndiye mtoto wake wa kwanza, miaka ishirini na mitatu alikuwa Mama Sihaba, na sasa hakuna anayelikumbuka jina hilo. Wewe hujarusha hata kuku, umeshanifuta. Na Bibi kila ikipita ndege ya watalii wanaokwenda kutazama wanyama, anatoka uani anapunga kanga akiamini umo ndani. Anapunga mpaka ipotee, halafu ananiuliza kama nawe ulimwona.

Ile fomu ya kampuni ya watalii hujaisahau. Walitaka kijana mmoja wa kata yetu anayejua hesabu, wamsomeshe urubani. Nilikuwa nimekaa pale pale nachambua mchicha, na Baba hakuinua hata kichwa, akaandika Saadi. Kisha yale maswali ishirini yaliyokuja na fomu mkanipa mimi niyajibu jikoni, maana wewe kugawanya tu kulikuwa kunakutoa jasho. Nikajibu yote kwa mkono wangu, ukatia sahihi. Nikajiambia ni kwa ajili ya ndugu yangu. Siku ulipofanyiwa maulidi ya safari nilipakua pilau ya watu sabini, na roho iliniuma kila sahani.

Sasa umeniletea maswali mengine kumi na mawili! Upepo ukivuma kutoka huku, ndege ikielekea kule, mafuta yatafika au hayatafika. Huna haya wewe? Mnashinda hamna kazi, mkuu wa chuo amewapa hesabu mzifanye, nawe unazitia kwenye bahasha zije Ngorongo kwa mlinda mpunga!

Nimezifanya. Zote, siku mbili, nyuma ya kalenda. La saba lilinitesa, nikalirudia mara nne, Bibi akadhani naandika talasimu. Lilipokubali nilipiga debe kwa furaha. Hapo ndipo nilipojijua, mdogo wangu. Hata kukwama kwako nakuonea gere. Umekwama mahali ambapo injini ikirudi, jina lako litaitwa. Mimi hapa hakuna ninachosubiri.

Kwa hiyo majibu sikutumii. Nimeyatia kwenye bahasha ya mkuu wa chuo chenu, pamoja na barua ya kuomba nafasi. Nimemwomba aniandike wa kumi na mbili kwenye foleni, nami niisubiri hiyo injini pamoja nanyi. Nimeandika jina langu kamili, kwa mkono wangu. Mwandiko ataufahamu, maana upo kwenye fomu yako aliyo nayo.

Usinichukie. Barua zote mbili zinaondoka leo na Huseni. Ukimaliza kusoma hii, nenda ukagonge mlango wa mkuu umweleze mwenyewe, kabla hajakuita. Sijamwandikia neno baya juu yako. Mwambie na yale yaliyo kweli kwako, kwamba huogopi kuruka, na kwamba hesabu utajifunza, muda unao. Hata mimi nitakufundisha nikifika. Baba nitamwambia Ijumaa, akishakula.

Wasalimie wenzako kumi. Mama anakusalimu sana, na shangazi Mwamvua wa Nyamwage anasema umwandikie japo mistari miwili. Bibi naye anakusalimu. Sijamwambia kwamba bado hujawa rubani. Asubuhi ndege imepita, amepunga mpaka mkono ukamuuma. Nimemsihi asichoke, asije akakosa nguvu siku ya kunipungia mimi.

Mwenyezi Mungu airudishe injini hiyo salama, atuinue sote wawili.

Wako akupendaye, kijicho na yote,
Dada yako,
Sihaba