Bundi Niliyemfukuza

Mjukuu wangu Neema,

Salamu kutoka Guangzhou. Mimi mzima, ila mifupa yangu haielewani na baridi hii ya unyevunyevu. Baba yako mdogo yuko soko la Shahe tangu asubuhi, anafunga mizigo ya nguo.

Umeniuliza kwa nini kwenye simu yangu nimeweka picha ya tawi tupu.

Bibi yako alipokuwa anaumwa huko nyumbani, kila jioni alinipigia na kuuliza, "Leo umeona nini?" Kwa hiyo kila asubuhi nilipita bustanini kumtafutia picha. Siku moja nikakuta wazee wa Kichina wamesimama na kamera zao, kimya kama wako msibani. Juu ya mti alikuwepo bundi mwenye masikio marefu ya manyoya, amesinzia. Mzee mmoja akanipisha mbele, nipate picha nzuri.

Mimi nikaona kifo cha mke wangu. Tangu utotoni nimefunzwa kwamba bundi hufukuzwa. Nikapiga makofi, nikapayuka, "Toka! Peleka mikosi yako huko!" Akaruka, vindege vikamwandama mpaka nyuma ya maghorofa. Wale wazee hawakunigombeza. Walifunga tu kamera zao. Nikapiga picha ya tawi, iwe ushahidi kwamba kaondoka.

Jioni bibi yako akauliza kama kawaida. Nikamjibu, "Leo sijaona kitu."

Alfajiri baba yako akanipigia kunipa taarifa ya msiba.

Sasa jioni simu hailii. Niulize wewe, mjukuu wangu.

Babu yako