Ukurasa wa Arobaini

Alhamisi, 3 Julai 1975

Darasa la kisomo cha watu wazima saa kumi, kama kawaida. Wanakisomo kumi na tisa. Wengi wametoka kukata miwa, masizi bado mikononi. Leo "nywa" na "ng'wa". Wanateseka nazo.

Halafu mjadala wa Alhamisi. Niliuanzisha mwenyewe, wazoee kusimama na kusema. Swali: katika hadithi zote, ni binadamu gani mwenye nguvu kuliko wote? Masharti: asiwe jini, asiwe mnyama, asitumie hirizi.

Mzee Shabani alimtaja mwindaji mmoja. Akatolewa kwa sababu ya hirizi. Vicheko. Kisha akasimama Bi Mwanaidi, mjane anayekaa mbele siku zote. Akamtaja Binti Semwali, wa hadithi ya mama yake. Mto ulipofurika, Binti Semwali alivuka na mume mgonjwa mgongoni, mkwewe begani, na chungu cha moto kichwani. Moto haukuzimika. Darasa zima lilishangilia.

Mimi ni mwamuzi. Ilinipasa kunyamaza. Sikuweza. Mtu wangu ni Jemedari Sabiti, wa kitabu nilichonacho tangu shule ya misheni kule Vidunda. Lakini Sabiti anavunja malango tu na kupigana na watu thelathini. Nikaona hatoshi. Nikafungua ukurasa wa arobaini, nikasoma kwa sauti jinsi alivyobeba daraja mabegani, jeshi zima likipita juu yake.

Hayamo. Niliyatunga pale pale, macho yangu yakiwa kwenye karatasi. Nikaongeza, "Haya yameandikwa. Si hadithi za jikoni."

Kura: mikono kumi na tano kwa Sabiti. Bi Mwanaidi naye alinyoosha.

Nimerudi nyumbani nikipiga mluzi.

Ijumaa, 4 Julai

Bi Mwanaidi ameomba kuazima kitabu. Anataka kulisoma lile la daraja mwenyewe. Akauliza ni ukurasa wa ngapi. Nikamwambia aanze mwanzo, ataelewa zaidi.

Hatafika mbali. Anasoma neno moja moja, kama mtu anayevuka tope. Hilo limenituliza. Aibu hata kuliandika.

Jumatano, 9 Julai

Nimekutana naye kisimani. Nikamwamkia. "Marahaba, Mwalimu," akasema. "Niko ukurasa wa kumi na moja." Anasoma alfajiri kabla ya kwenda shamba. Uso unang'aa kama wa msichana.

Nimeshindwa kula mchana.

Jumapili, 13 Julai

Ishirini na tisa. Amenipigia kelele namba hiyo kutoka ng'ambo ya barabara, watu wakasikia, wakacheka kwa furaha. Nami nikacheka.

Alhamisi, 17 Julai

Hakuja. Mara ya kwanza tangu darasa lianze. Jirani yake anasema haumwi, anatwanga mahindi. Nimefuta mjadala. Nimesema kichwa kinaniuma.

Ijumaa, 18 Julai

Alikuja nyumbani baada ya chakula cha mchana. Kitabu amekifunga ndani ya kanga safi. Amefika ukurasa wa sitini, akarudi nyuma, akarudia mara tatu. "Nimeona Sabiti anaumwa jino, amelazwa kwenye mkokoteni," akasema. "Daraja sijaliona. Macho yangu hayashiki, Mwalimu. Yaliyoandikwa siyaoni, naona mengine kabisa."

Akasema hatafanya mtihani wa kisomo mwezi ujao. Nafasi yake apewe mwingine. Yeye kusoma hakumwingii, ameshajua.

Jino lipo. Mkokoteni upo. Ukurasa wa arobaini, mstari wa tatu. Kausoma bila kosa hata moja.

Nikasema, "Usikate tamaa, Bi Mwanaidi. Kusoma kunataka muda."

Hayo ndiyo niliyosema. Akanishukuru. Akakunja kanga yake, akaondoka.

Jumapili, 20 Julai

Mikumi, kwa dada Agnesi. Bado anauza chai na maandazi kwa madereva wa malori. Nimemsimulia kama kichekesho. Nilitaka acheke, nami nipate kupumua.

Hakucheka. Aliendelea kumimina chai. Nyumbani kwetu nafasi ya shule ya misheni ilikuwa ya mtoto mmoja. Nilikwenda mimi, yeye akabaki kulima. Jina lake hawezi kuliandika. Nilikuwa nimelisahau hilo kabisa, mpaka nilipomwona anavyonitazama.

"Mimi je, umenidanganya mangapi?" akauliza.

Nimepanda basi la kurudi. Nimesafiri nikiwa nimesimama, ingawa viti vilikuwepo.

Jumatatu, 21 Julai

Nimekwenda kwa Bi Mwanaidi. Alikuwa anapepeta mchele. Nikamwambia yote, haraka, nikitazama ungo. Hakuacha kupepeta.

Kisha akauliza, "Jino lipo?"

"Lipo."

"Nililisoma sawa?"

"Sawa kabisa."

Akaweka ungo chini. Nilitegemea matusi. Ningeyapokea. Akasema tu, "Kaseme pale pale ulipolisomea lile daraja."

Nikasema shikamoo ya kuaga. Hakuitikia. Nina miaka ishirini na saba, na hakuna mtu mzima aliyewahi kuniachia shikamoo hewani.

Alhamisi, 24 Julai

Nimesema. Nilisimama mbele, nikafungua ukurasa wa arobaini na kuusoma kama ulivyo. Jino. Mkokoteni. Nikasema la daraja ni langu, na kwamba Bi Mwanaidi alisoma vizuri kuliko nilivyosoma mimi.

Mkata miwa mmoja alianza kucheka, akaacha.

Kisha Mzee Shabani akainuka polepole. "Na ile barua ya mwanangu?" akauliza. "Uliyonisomea mwezi wa tano. Alisema kweli amepona?"

Nikasema kweli, Mzee, amepona, nilisoma kama ilivyoandikwa. Akanitazama. Nami nikaona hana njia ya kujua. Hakuna hata mmoja mle ndani mwenye njia ya kujua. Barua ngapi nimewasomea? Za misiba, za mahari, za ofisi. Zote leo zimekuwa na shaka.

Watu walitoka bila kuaga. Nimefuta ubao mara mbili.

Jumanne, 29 Julai

Wamekuja wanane. Nimesikia Mzee Shabani ameipeleka barua yake kwa karani wa zahanati, isomwe upya. Karani amesoma vile vile. Nilidhani nitafurahi. Nimejifungia ndani, nimelia kama mtoto.

Bi Mwanaidi hakuja.

Ijumaa, 1 Agosti

Amekuja. Amekaa mbele. Jina lake amelirudisha mwenyewe kwenye orodha ya mtihani, kwa kalamu yake, herufi kubwa kubwa.

Alhamisi, 7 Agosti

Kumi na wawili. Hakuna mjadala, wala hakuna aliyeuulizia.

Baada ya somo Mzee Shabani alibaki. Amepata barua nyingine ya mwanawe. Aliishika kwa muda, kisha akanipa mimi. Lakini alimwita Bi Mwanaidi aje akae kati yetu.

Nikaitandaza mezani. Bi Mwanaidi akaweka kidole chini ya neno la kwanza, akaningoja. Nikasoma. Kidole kikasogea. Nilipokwenda mbio kilibaki nyuma, nami nikasimama mpaka kikafika. Barua fupi, ukurasa mmoja tu. Ilituchukua karibu nusu saa.

Mwishoni Mzee Shabani alimtazama yeye, si mimi.

"Ndivyo," akasema Bi Mwanaidi.