Maneno ya Daktari Niliyoyaruka

Mwaitu, mama yangu,

Nakuandikia kwa Kiswahili ingawa wewe ulikuwa mtu wa Kikamba tu. Barua zangu zote kutoka Mtito Andei ulisomewa na baba, naye akitafsiri apendavyo. Hii haina wa kukusomea.

Mvua imenyesha nyumbani Zombe. Baba amepanda mbaazi kule chini ulikomkataza, zimeota, na sasa haambiliki. Ungemcheka.

Nakumbuka siku niliyokupeleka hospitali, vidole vimefura hata kitambaa cha kichwa nikakufunga mimi. Daktari hakujua Kikamba, kwa hiyo nikawa mkalimani. Alikupa vidonge vidogo vya prednisoloni. Akasema umeze asubuhi baada ya kula, nikakuambia. Kisha akaniangalia, akasema usiviache ghafla hata ukijisikia mzima, kwa maana mwili ukivizoea huacha kujitengenezea nguvu kama hiyo. Urudi kila mwezi, yeye atakupunguzia kidogo kidogo. Basi la mwisho lilikuwa karibu kuondoka. Nikakuambia tu, "Anasema urudi mwezi ujao." Niliona ni maneno mengi ya bure, nani huacha dawa inayomsaidia?

Na ilikusaidia kweli. Ulirudi kusuka viondo. Miezi ikapita, wewe ukirudi kuchukua vidonge peke yako bila mkalimani; uso ukajaa, mashavu yakawa ya mviringo, na kina mama wa kanisa wakakusifu kwamba umenenepa, afya imerudi. Kumbe unene ule ulikuwa wa dawa. Ukasimama kanisani ukatoa ushuhuda kwamba Mungu amekuponya, na tangu siku hiyo hukumeza tena, kwa sababu aliyeponywa akiendelea na vidonge ataonekana hana imani. Baba aliniandikia kuwa umepona. Nilifurahi, Mwaitu. Habari za vidonge sikuuliza.

Baada ya siku chache ukalegea, ukatapika, ukawa unaanguka kila ukiinuka. Kwenye zahanati walikutibu malaria, maana hakuna aliyewaambia ulikuwa ukimeza nini na umeacha. Nilifika umeshafunikwa shuka. Baba anasema siku ya mwisho ulikuwa ukiuliza umemkosea Mungu wapi hata akauchukua uponyaji wake. Hilo ndilo linaloniua.

Juzi nilimpeleka mdogo wako Kalunde hospitali kwa ajili ya pumu, akapewa vidonge vilevile, vya muda mrefu. Safari hii nilitafsiri kila neno, basi liende likitaka. Nikamwambia arudie: asiache mwenyewe, visimwishie nyumbani, na kila hospitali atakayoingia aseme anatumia nini. Akarudia vizuri kuliko mimi. Kisha akaniuliza, "Dada yangu aliambiwa haya?"

Nikajifanya natafuta kadi yake ya hospitali.

Mwaitu, Jumapili nitakuja Zombe. Nitawaketisha Kalunde na baba niwaambie kwamba hukuambiwa, na wa kukuambia nilikuwa mimi. Kisha nitaomba nafasi mbele ya wale kina mama waliosikia ushuhuda wako, niwaambie hivyo hivyo. Wakinichukia, nitavumilia.

Pumzika, mama. Hukumkosea Mungu popote. Ni mimi niliyekukosea, tukiwa tumeketi bega kwa bega mbele ya daktari.

Mwanao,
Mwende