Waya wa Ethi Kwenye Kaburi la Babu

Makoko,
Musoma, Mara.
8 Desemba 2024

Mpendwa Mjomba Abednego,

Shikamoo Mjomba. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Songea, wewe na Mama Eunice, na kwamba mgongo wake umepata nafuu tangu alipoteleza kisimani. Eunice naye ameota meno mangapi sasa? Huku mvua zimeanza vizuri. Mama na Baba huko Butiama hawajambo, wamepanda mahindi na wanakusalimu sana. Bibi naye hajambo, ingawa katikati ya wiki hii nisingethubutu kukuandikia hivyo.

Mtihani wa kidato cha nne nilimaliza salama. Wakati nasubiri matokeo nakaa hapa kwa Bibi, ambako Baba mdogo Revocatus anafungua studio ya kurekodia katika kile chumba cha uani. Tulikubaliana kwamba kama mitambo itafanya kazi kabla ya kwaya ya Bunda kuja kurekodi nyimbo za Krismasi jana Jumamosi, mimi ndiye nitakayekaa kwenye mitambo. Ikishindikana, atauza vyote nami niende Bunda kwenye duka la mabati la rafiki yake. Unanijua, Mjomba. Mimi naona aibu hata kuomba chumvi kwa jirani. Kuita wateja nisingeweza. Nyaya ni afadhali, hazinitazami usoni.

Sasa nikueleze kuhusu pachibei. Baba mdogo aliinunua imetumika, kutoka studio moja iliyofungwa kule Bunda. Wewe unaijua, lakini Mama Eunice atakaposoma barua hii nataka naye aelewe: ni sanduku bapa la chuma lenye safu mbili za matundu ya jeki, na nyaya zote za studio zinakutana nyuma yake, ili mtu achomeke hapa na pale bila kutambaa chini ya meza. Kitu kizuri sana kikiwa kisafi.

Hii haikuwa safi. Nilipofungua mfuniko nilirudi nyuma hatua tatu. Ndani kulikuwa na mayai ya mende yamejipanga kama maharage, mavi ya mjusi, na kucha za mtu, Mjomba, kucha zilizokatwa! Tundu la kumi na tisa lilikuwa limelegea, na mtu alilishikiza kwa bigijii iliyotafunwa. Alama za meno zilikuwa bado zinaonekana. Sehemu moja waya ulikuwa umeungwa kwa kusokotwa na kuzungushiwa plasta ya kidonda, ile iliyokwisha kutumika. Siku ile sikula chakula cha mchana.

Nilivaa mifuko ya nailoni mikononi nikasafisha kwa mswaki na spiriti siku mbili. Kisha nikafanya ulivyonifundisha ulipokuja likizo: nikayeyusha risasi yote ya zamani iliyoshikilia nyaya, nikaunga upya nyaya zote, na ule wavu wa shaba unaozunguka kila waya nikauunga upande wa pachibei tu, upande wa pili nikauacha wazi, ili umeme usipate njia ya kuzunguka. Mikia yote ya wavu nikaikusanya kwenye kipande kimoja cha shaba. Kilichobaki kilikuwa waya mmoja mnene kutoka hapo kwenda kwenye ethi ya nyumba, yaani fimbo ya shaba inayozikwa ardhini ili umeme unaovuja upitie hapo.

Tatizo ni kwamba nyumba haina ethi. Ile fimbo ya shaba waliing'oa wezi wa vyuma chakavu tangu Babu alipokuwa hai. Tulipowasha, spika zilivuma kama mzinga wa nyuki. Hapo ndipo Baba mdogo alipomleta fundi Boniphace, ambaye anajitambulisha kwa kusema, “Mimi nilikuwaga Mwanza,” kana kwamba hicho ni cheti.

Boniphace alinitia kinyaa tangu dakika ya kwanza. Akitaka kujua kama solda, ile pasi ya kuungia nyaya, imepata moto, anaitemea mate. Akitaka kumenya waya, anaung'ata, kisha anatema kipande sakafuni nilipopiga deki. Lakini alifanya kazi yake Jumatatu jioni nilipokuwa nimeenda sokoni, na niliporudi mvumo ulikuwa umepungua nusu. Baba mdogo alifurahi. Mimi nikafikiri pengine nimemhukumu vibaya.

Jumanne asubuhi Bibi alikwenda kwenye kaburi la Babu pale uani, kama anavyofanya kila siku. Unakumbuka ule uzio wa chuma unaolizunguka. Huwa anaufuta kwa kitambaa chenye maji, miguu peku, huku akimweleza Babu habari za nyumbani. Siku hiyo alirudi upesi, akakaa jikoni. Jumatano ikawa vilevile. Tulipokuwa tunamenya mihogo akaniambia kwa sauti ndogo, “Babu yako amenikasirikia. Nikimgusa ananisukuma mkono.”

Nilidhani ni baridi yabisi. Yeye akaendelea kusema kwamba bila shaka ni kwa sababu ya muziki, kwamba ameruhusu makelele kwenye nyumba ya mtu aliyelala. Uji wake hakuugusa. Baba mdogo alikuwa amekaa mlangoni, anasikia kila neno, akaendelea kutazama simu yake.

Sijui ni kitu gani kilichonifanya niufuate ule waya. Ulitoka dirishani, ukapita nyuma ya maua, ukafukiwa kidogo kwa mchanga, na mwisho wake ukawa umefungwa kwenye uzio wa kaburi, karibu na mahali Bibi anaposhika. Mjomba, afadhali zile kucha.

Baba mdogo na Boniphace walikuwa studio. Niliingia, nikaonyesha tu dirisha.

“Umeiona ethi yangu?” Boniphace akasema, anacheka. “Chini hapa ni mwamba mtupu, ningepiga fimbo wapi? Zile nondo za uzio zimeshuka futi tano! Mzee anatusaidia akiwa amelala.”

“Inampiga shoti Bibi,” nikasema.

“Shoti gani, dada? Hiyo ni kutekenywa tu. Wazee wanapendaga kulalamika.”

“Nondo ziko ndani ya zege kavu. Umeme unaovuja kwenye amplifaya hauendi ardhini, unamsubiri Bibi aje na kitambaa chake.”

“Hiyo fizikia ya darasani.”

Nikamtazama Baba mdogo. Nilitaka ashtuke. Hakushtuka. Akasema, “Wankyo, usimwambie Bibi. Kwaya ipite kwanza, Jumapili tutautoa. Ukiugusa huo waya sasa hivi, mvumo ukirudi, panga nguo zako uende Bunda.”

Alikuwa anajua. Alimsikia mama yake akiamini kwamba mumewe amemkasirikia kaburini, akaacha aamini hivyo kwa sababu ya nyimbo nne za Krismasi. Nilizima swichi kuu ya nyumba, nikachukua koleo, nikaenda kuukata waya pale pale kaburini. Mvumo ukirudi, basi urudi. Kisha nikaenda jikoni kumwambia Bibi yote, nikiangalia chini muda wote.

Bibi akauliza, “Kwa hiyo hakunikasirikia?”

Nikasema hapana, ni umeme.

“Na Revo alijua?”

Hili nilitamani kulikwepa. Nikasema alijua.

Bibi hakupiga kelele. Aliniuliza tu huo umeme unapenda ardhi ya namna gani. Nikamwambia ardhi laini yenye maji wakati wote, na kwamba hapa kwetu ipo sehemu moja tu, nyuma ya bafu, maji machafu yanapoishia. Akatoka nje, akaita, “Revo! Njoo na jembe.” Boniphace alipoona hivyo alikumbuka kwamba ana kazi ya haraka, akapanda bodaboda akaenda zake.

Baba mdogo alichimba mwenyewe kwenye ule uozo, katika povu la sabuni, nywele na minyoo, mpaka magotini, na Bibi amekaa juu ya ndoo anamsimamia. Kila alipopumzika, Bibi alimwuliza, “Umechoka? Mimi nimechoka tangu Jumanne.” Harufu yake sitaieleza, usije ukawa unakula. Tulishindilia fimbo mpya ya shaba ya mita moja na nusu, tukaweka chumvi na mkaa kuizunguka, nami nikaufunga waya wangu kwa klipu mpaka ukakaza. Tulipowasha, nilidhani spika zimeungua. Hazikuvuma hata kidogo.

Kwaya ilikuja jana, ikarekodi vizuri. Kiongozi wao, Mama Jeska, aliuliza nani amefunga nyaya, na Baba mdogo akajibu, “Tulimleta fundi wa Mwanza.” Hata aibu hana. Nilijifanya nakunja kebo. Baadaye aliniambia kwamba Bunda siendi tena, nikae kwenye mitambo. Nimekubali, kwa sababu kazi naipenda. Yeye namwamkia kwa kuwa ni baba yangu mdogo, lakini chakula nakula jikoni na Bibi.

Nikuombe jambo moja. Nipimie kwa akili yako kama fimbo moja itatosha wakati wa kiangazi, au niongeze ya pili. Sitaki kubahatisha tena kwenye nyumba hii.

Kinachoniuma ni kwamba Bibi ameelewa kila kitu, lakini mkono wake haujaelewa. Alhamisi na Ijumaa alisimama mbali, akaufuta uzio kwa kitambaa alichokifunga kwenye ufito. Hakuongea na Babu. Leo kabla ya kanisa nilivua viatu, nikalowesha mikono, nikaushika uzio mimi kwanza, mikono yote miwili, nikatulia hapo. Alinitazama muda mrefu. Kisha akauweka ufito chini, akaushika mkono wangu, halafu kidole kimoja kikashuka kwenye chuma. Akaanza kumweleza Babu habari za wiki nzima. Alianza na Revo.

Nisalimie Mama Eunice, umbusu Eunice, na umsalimie kaka Nicolaus akipita hapo kwenu. Bibi anasema Mungu awape usingizi mzuri na mvua ya kiasi.

Mimi mpwa wako, ninayekupenda na kukukumbuka kila ninaposhika solda,

Wankyo