Kibonge, Fimbo na Safari ya Kileleni

Jumanne, 4 Machi

Kibonge kasimama! Sasa hivi tu, kalamu nilikuwa sijaifungua. Kashika kiatu changu cha mlimani, kile kikubwa, akainuka, akakiachia. Sekunde mbili, tatu — pu! Chini. Akacheka. Mimi nikalia. Mama mkwe akashangaa: nalia nini, na mtoto hata hajaumia?

Nalia kwa sababu Alhamisi naondoka. Siku tano. Kundi la kwanza la wageni wa kupanda mlima kuongozwa na mwanamke tangu ofisi yetu ianze, na mwanamke mwenyewe ndiye mimi, wa darasa la saba! Sasa huyu akitembea nikiwa huko juu?

Jumatano, 5 Machi

Mkuu wa waongozaji kanitania mbele ya wenzangu, eti nikifika kileleni nitanyonyesha wageni. Nikamwambia, we bwana, wageni wako nimeshawabeba mgongoni mara mbili, na ni wazito kuliko mwanangu. Watu hoi kwa kicheko! Yeye akanikabidhi orodha ya wageni.

Mhariri wa michezo wa gazeti ninaloliandikia kapiga simu. Makala yangu ya kuvua samaki mtoni imetoka, na safari hii kwa jina langu, si "mwandishi wetu". Anataka na ya kileleni. Nimeandika mistari minne, Kibonge katafuna miwili.

Mchana nimemfundisha kutembea, kama ninavyowafundisha wageni kwenye mawe. Simshiki mkono — mtu akishikwa mkono husahau kuwa ana miguu. Namnyooshea fimbo, anashika ncha, narudi nyuma polepole. Na fimbo anakuja. Bila fimbo, hataki. Nimembembeleza: leo, baba, leo! Kakaa chini, anakula kamba ya kiatu.

Mama mkwe kaniona. Kasema mtoto akitembea nikiwa sipo, hatamwambia mtu, hata mimi. Nikirudi nitaona mwenyewe, na yeye atashangaa pamoja nami. Nimemkumbatia mpaka kaniambia basi, mwanangu, namvunja mbavu.

Alhamisi, 6 Machi

Begi tayari. Nimekaa kizingitini, daftari gotini, nasubiri gari. Kibonge kasimama na fimbo kando ya kitanda, ananitazama. Mama mkwe kajifunika uso kwa kanga: "Mimi sioni. Hatua ya kwanza ni yako."

Honi! Dereva anaita, mama Kibonge, wageni wote wamo garini! Nakuja — nakuja — fimbo imeanguka na yeye bado kasimama, kainua mguu, dereva, ngoja kwanza, anatembe—